Kadi ya Buluu Chini ya Ukuta

Mzee Ottokar Hufnagel alikutwa saa saba na dakika kumi mchana, Jumamosi ya mwisho ya Septemba, kichwa chini miguu juu, kwenye ngazi ya mawe ya Mnara wa Watengeneza Ngozi, mjini Dornfels. Ngazi hiyo ina miaka mia sita na, kama wanavyosema wenyeji, imevunja nyonga nyingi kuliko vita vyote vilivyopita pale. Lakini siku hiyo ngazi ilisingiziwa. Fimbo ya mzee ilikuwa imelala juu kabisa, kwenye njia ya ukutani, na kirungu chake cha fedha kilikuwa na damu na mvi mbili zimenata. Mtu hapigwi na fimbo yake mwenyewe juu, halafu akajiangukia chini kwa bahati mbaya.

Aliyemkuta ni Mirela Cozma, Mromania wa miaka arobaini na moja, aliyekuwa akiishi na mzee mwaka wa tatu sasa, akimpikia, akimwogesha na kumhesabia vidonge. Alimpakata kichwa na kupiga yowe lililowainua kunguru wa mnara mzima. Watu walipofika walimkuta amelowa damu hadi viwikoni. Mzee alikuwa bado anapumua, kwa kukoroma, kama trekta linalokataa kuwaka.

Dada wa mzee huyo, Roswitha, mwenye miaka sabini na mmoja, alifika wa nne. Alitazama damu mikononi mwa Mirela, kisha, bila kufikiri, akauhamisha mkoba wake kutoka bega la kulia kwenda la kushoto, mbali na yule mwanamke. Mirela alimwona.

"Mama Rosi," alisema, "mimi nimemkuta hivi."

Aliyejibu ni Annegret, binti wa mzee, aliyetokea akihema upande wa sokoni.

"Umemkuta! Asubuhi kaahidiwa nyumba, mchana kamkuta baba yangu amepasuka kichwa! Muuaji mkubwa wewe!"

Maana asubuhi ile mambo yalikuwa yameharibika mapema. Familia ilikuwa imekuja kutembea tu, kama kila mwaka mzee akitimiza siku yake ya kuzaliwa. Waliingia Dornfels saa nne na dakika ishirini. Eckhart, mtoto wa kiume, mwalimu wa udereva kwa miaka thelathini, aliegesha gari kwenye uwanja wa chini ya ukuta, akazungusha mshale wa kadi yake ya buluu ya maegesho, ule wa kuonyesha saa ya kufika, akaiweka kadi kwenye kioo cha mbele na kuinyoosha kwa kidole kama anayenyoosha picha ya marehemu. Roswitha alimwona askari wa maegesho, mama mnene mwenye daftari, akichutama kwenye magurudumu ya gari la jirani na kuandika. Akatabasamu. Naye alikuwa ameifanya kazi hiyo mjini kwao miaka thelathini na mmoja, na hakuna mtu aliyewahi kumpenda kwa sababu hiyo.

Saa tano na nusu, kwenye meza ya nje ya hoteli ya sokoni, mzee alinyanyua bilauri yake ya bia.

"Jumatatu nakwenda kwa mthibitishaji wa hati," alisema. "Nyumba namwandikia Mirela. Nyinyi wawili mtapata picha zangu."

Annegret alipindua bilauri yake na kuondoka. Eckhart alikunja kitambaa cha mezani mara nne, akasema kichwa kinamuuma, akaenda kulala garini. Mirela alikuwa mwekundu kama kabichi la siki. Nyuma ya mgongo wake, mzee alimpenyezea Roswitha bahasha. "Nimeikuta garini, kwenye kijidroo cha mbele. Isome ukiwa peke yako. Mmoja wa wanangu ananizika nikiwa mzima."

Ilikuwa barua kutoka makao ya wazee. Iliithibitishia familia ya Hufnagel kwamba kitanda cha Bwana Ottokar kitakuwa tayari tarehe mosi Novemba, *kama alivyoomba mtoto wake kwa simu*. Mtoto yupi, barua haikusema. Na gari lile walilitumia wote wawili, Eckhart siku zake na Annegret Jumatano.

*

Inspekta Degenhart aliuchukua ukumbi wa nyuma wa hoteli ile ile, akafungua daftari. Alikuwa mwembamba, mkavu, mwenye haraka ya mtu ambaye chakula chake kinapoa mahali.

"Ulimwacha mzee saa ngapi?" alimuuliza Mirela.

"Saa saba kasoro robo, Afande. Kengele ya kanisa ililia. Yeye hupenda kuvuta kiko pale mnarani, kila mwaka. Wote wanajua."

"Na ukamwacha peke yake, mzee wa miaka themanini, juu ya ukuta."

"Alikuwa amekaa kwenye benchi. Vidonge vyake vilibaki kwa Mama Rosi, sokoni. Anavinywa saa saba kamili."

"Ni kweli," alisema Roswitha. "Saa saba kamili alivichukua kwangu."

"Sikukuuliza wewe, mama."

"Basi niulize, nimesubiri."

Degenhart alimtazama, akarudi kwa Mirela. "Ungeweza kumpiga kwanza, halafu ukafuata vidonge."

"Vya kumfanyia nini sasa?"

"Ili uonekane umefuata vidonge."

Mirela alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Nyinyi watu. Nikimpa dawa, nimeua. Nisipompa, nimeua."

"Afande," alisema Roswitha, "nyumba ingeandikwa Jumatatu. Nani anachinja kuku Jumamosi, na yai litatagwa Jumatatu?"

"Asiyejua kwamba yai halijatagwa. Huyu ni mgeni, sheria zetu hazijui."

"Mimi ninajua kusoma," alisema Mirela.

Annegret aliletwa. Aliapa kwamba kuanzia saa sita na nusu hadi saa saba na dakika kumi alikuwa kanisani, akiitazama madhabahu ya kuchongwa.

"Kanisa lilifungwa saa sita kwa harusi," alisema Degenhart. "Nimetoka huko."

Annegret alibadilika rangi. Degenhart aliegemea mbele, na hata askari wa mlangoni akanyoosha shingo.

"Ulikuwa wapi? Ulikuwa umekasirika. Ulipindua bilauri. Njia ya ukutani ni dakika tano kutoka hapa."

"Siwezi kusema."

"Utasema mbele ya hakimu."

Roswitha aliinuka, akamkaribia mpwa wake, akamnusa begani kama mbwa wa forodha. Kisha akaushika ukingo wa mkono wa sweta yake ya kijivu na kuugeuza.

"Haradali," alisema.

"Shangazi, nakuomba."

"Haradali na mafuta ya nguruwe. Miaka minane, Annegret! Miaka minane kila Krismasi unatulisha dengu, unatuita wala maiti, kumbe una duka lako!"

Muuza nyama wa nyuma ya kanisa alipoitwa alithibitisha yote. Bibi huyo alikuja saa sita na nusu, akala soseji sita, akakaa hadi aliposikia kelele za watu, na muda wote alilalamika kwamba soseji za Dornfels siku hizi zimekuwa fupi. Annegret alilia kwa uchungu ambao hakuutoa kwa ajili ya baba yake.

Akabaki Eckhart. Aliketi wima, mikono magotini, kama anayesahihisha mtihani wa mwanafunzi.

"Nilirudi garini saa sita na robo. Saa sita na dakika ishirini askari wa maegesho alipita, akanisalimu kwenye kioo. Nikasinzia. Saa saba na dakika kumi nilinunua kahawa kwenye kibanda cha langoni. Muulizeni muuzaji, tulizungumza juu ya mvua."

Degenhart alikuwa ameshawauliza wote wawili. Ilikuwa kweli. "Kutoka uwanja ule hadi Mnara wa Watengeneza Ngozi," alisema, "ni mwendo wa dakika thelathini kwa miguu, kupanda na kushuka mji mzima. Kwenda na kurudi, saa nzima. Bwana huyu alikuwa na dakika hamsini tu, na alionekana mwanzo na mwisho."

"Sina mbawa," alisema Eckhart.

"Kwa gari je?" aliuliza Roswitha. "Kuna barabara ya mtoni, nje ya ukuta. Inafika hadi kwenye kile kimlango walichokuwa wakipitishia ngozi. Dakika sita, ukiheshimu vibao."

Eckhart alimgeukia taratibu. Hakukuwa na chuki usoni pake. Kulikuwa na ule uvumilivu wa mwalimu kwa mjinga, jambo baya zaidi.

"Gari halikuondoka, Shangazi. Tangu saa nne na dakika ishirini asubuhi magurudumu yake hayajahama hata unywele. Umezeeka kwa kuandikia watu faini, sasa unataka kuniandikia mimi mauaji."

"Baba yako hajafa."

"Tumshukuru Mungu," alisema Eckhart, na aliisema vizuri.

Degenhart alifunga daftari. "Bi Cozma, utafuatana nasi saa tisa."

*

Saa nane na nusu hospitali iliomba kadi ya bima ya mzee. Ilikuwa kwenye koti lake, garini. Eckhart alimpa shangazi yake ufunguo bila kumtazama.

Roswitha alishuka peke yake hadi uwanjani. Alikuwa na hasira, na nusu ya hasira hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe, kwa ule mkoba alioubadilisha bega. Alifungua mlango, akachukua koti, akachukua kadi ya bima. Alipoinuka macho yake yalipita juu ya kioo cha mbele, kwenye ile kadi ya buluu. Mshale ulikuwa umesimama kwenye saa saba na nusu.

Alikaa chini kwenye kiti cha dereva. Kadi kama hiyo alikuwa ameisoma mara laki, kwenye mvua, kwenye theluji, akitukanwa kwa lahaja zote za Ujerumani. Sheria yake anaijua hata mtoto. Ukifika unauweka mshale kwenye nusu saa inayofuata, basi. Ukiondoka na kurudi, unauweka upya. Gari likiwa halijaondoka, hauugusi. Kuugusa ni kumdanganya askari.

Aliyefika saa nne na dakika ishirini, kadi yake husema saa nne na nusu.

Alitoka, akalizunguka gari polepole, akachutama kwenye gurudumu la mbele, kisha la nyuma, magoti yakilia kama milango ya ghala. Kisha akaenda kumtafuta yule mama wa daftari. Jina lake lilikuwa Traudl Kienzle, naye alikuwa amekaa kwenye ukingo wa ukuta akila mkate wa jibini.

"Dada," alisema Roswitha, "bado mnaandika ya magurudumu, au siku hizi mmekuwa mabibi?"

Traudl alimpima kwa jicho moja. "Nani anauliza?"

"Miaka thelathini na mmoja. Nimetemewa mate mara nne. Mara moja nimegongwa na baiskeli, kwa makusudi."

Traudl alisogea, akampa nafasi ukutani na nusu ya mkate.

*

Saa tisa kamili Degenhart alimteremsha Mirela uwanjani, mikono imefungwa pingu, kwenye gari la polisi lililosimama hatua chache kutoka gari la familia. Annegret alikuwa nyuma yao. Eckhart alikuwa ameegemea mlango wa gari lake, amekunja mikono.

"Afande," alisema Roswitha, "nipe dakika tano. Nikishindwa, nifunge na mimi."

"Natamani kukufunga, mama. Sema."

"Mwambie mwalimu asome kadi yake kwa sauti."

Degenhart alisogea kwenye kioo. Alisoma mwenyewe. Nyusi zake zikapanda.

"Saa saba na nusu. Bwana Hufnagel, ulisema umefika saa nne na dakika ishirini."

Eckhart aliitazama kadi. Kisha akatabasamu, akajikuna sikio, akawa mtu aliyekamatwa akiiba tufaha.

"Nimekosa, Afande. Hapa tunaruhusiwa muda wa saa tatu tu. Muda wangu ulikuwa unakwisha saa saba na nusu. Nilipoamka niliuzungusha mshale, nipate nafasi nyingine. Mwalimu wa udereva mzima! Niandikieni faini. Msiwaambie wanafunzi wangu."

Askari wa pembeni alicheka. Hata Degenhart alionekana kupoa. Annegret alisema, "Hilo ndilo ulilotuletea, Shangazi? Kadi ya maegesho? Baba yuko kwenye mashine na wewe unacheza kazi yako ya zamani?"

"Ngoja kwanza," alisema Roswitha. "Eckhart, mwanangu. Kwa hiyo gari halikuondoka. Mshale tu ndio uliozunguka."

"Nimeshasema."

"Sema tena, Afande aandike."

"Gari halikuondoka! Ulizungushwa mshale tu! Umeridhika, kizee wee?"

"Nimeridhika. Dada Traudl!"

Traudl Kienzle alikuja amelishika daftari kwa mikono miwili, kama padri na Biblia.

"Kuna wajanja," aliwaambia, "wanaokaa siku nzima na kuzungusha mshale tu. Kwa hiyo sisi haturidhiki na kadi. Kila gurudumu lina vali, pale pa kujazia upepo. Tunaandika inaelekea wapi. Gari lisipoondoka, vali hazihami. Gari hili nililipitia saa sita na dakika ishirini. Kadi ilisema saa nne na nusu. Vali ya gurudumu la mbele: juu kabisa. Ya nyuma: chini kabisa. Sahihi yangu hii hapa."

Hakuna aliyehitaji kuambiwa la kufanya. Degenhart alichutama mwenyewe. Vali ya mbele ilikuwa imelala ubavuni, ikitazama mtoni. Ya nyuma ilikuwa juu.

"Labda liliserereka," alisema Eckhart.

"Hapa pako sawa kama meza," alisema Roswitha, "na wewe umefundisha watoto elfu tatu kuvuta breki ya mkono. Ulimwona Traudl anapita, ukawasha gari. Barabara ya mtoni, kimlango cha ngozi, ngazi. Saa saba kasoro robo Mirela akaondoka, na wewe ukatoka. Saa saba na dakika tano ulikuwa umerudi mahali pako. Ukazima injini, na mkono wako, wenyewe, bila kukuuliza, ukachukua ile kadi na kuiweka kwenye nusu saa inayofuata. Sahihi kabisa, kama kitabu. Umeweza kumpasua baba yako kichwa, lakini kuegesha bila kadi sahihi hukuweza."

Eckhart aliutazama mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Roswitha alitoa barua kwenye mkoba, akampa Degenhart. "Na hii? Ni wewe au Annegret?"

"Mimi siijui," alisema Annegret, akiisoma juu ya bega la inspekta. "Makao ya wazee? Eckhart? Tarehe mosi *Novemba*?"

"Yeye ana vyumba saba!" Sauti ya Eckhart ilitoka ghafla, nyembamba, si ya mwalimu tena. "Vyumba saba, na anatumia viwili! Mimi tangu niachwe nalala juu ya baa, mwaka wa nne, nasikia walevi wakitapika chini ya dirisha langu. Paa lile nimeliezeka mimi, kigae kwa kigae, nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilimwomba chumba kimoja. Kimoja! Mnajua alinijibu nini? 'Aliyetoka kwa miguu yake asirudi kwa magoti.' Leo nikamfuata nimwombe tena. Akapuliza moshi wa kiko usoni kwangu, akasema, 'Muombe Mirela.'"

Roswitha alimjua kaka yake, na maneno hayo aliyasikia kwa sauti ya Ottokar mwenyewe. Hakuweza kusema ni uongo.

"Fimbo ilikuwa imeegemea benchi," alisema Eckhart.

Degenhart alizifungua pingu za Mirela na kuzifunga kwenye mikono mingine. Hakuomba radhi. Alisema tu, "Uko huru, bibi," kama anayemrudishia mtu mwavuli.

Gari la polisi lilipotoka, wanawake watatu walibaki uwanjani. Gari la familia lilikuwa limezungushiwa utepe. Annegret alipangusa pua, akajaribu sauti ya upole ambayo haikumzoea.

"Mirela, tulikuwa na mshtuko. Unaelewa. Baba akitoka hospitali atahitaji mtu. Utakuwepo Jumatatu, sivyo?"

Mirela alikuwa akisugua alama za pingu. Damu ilikuwa imekauka kwenye mikono yake mpaka ikapasuka kama udongo.

"Leo nimeitwa muuaji mara kumi na moja," alisema. "Saba ni zako. Mzee anaoga saa moja asubuhi. Maji yawe ya moto kidogo, la sivyo anatukana. Mguu wa kushoto usiuinue juu. Vidonge vyeupe kabla ya chakula."

"Na nyumba?" Annegret hakuweza kujizuia.

"Kaeni nayo. Ina wenyewe, na wenyewe mnafanana."

"Mirela," alisema Roswitha. "Pale ngazini, mimi—"

"Najua, Mama Rosi. Ndiyo maana leo umejitahidi. Ahsante. Lakini ulinitazama kwanza, ndipo ukatazama kadi."

Alikwenda kwenye bomba la pembeni ya kibanda cha kahawa, akanawa hadi viwikoni, akaelekea kituo cha treni bila kugeuka.

Simu ya Roswitha ililia saa kumi kasoro dakika tano. Alikuwa muuguzi wa hospitali, mwenye sauti ya uchovu.

"Bwana Hufnagel ameamka. Anaongea, tena sana. Anamtaka mtu anaitwa Mirela."

"Mwambie Mirela hayupo. Ameondoka. Mwambie tunakuja sisi, dada yake na binti yake."

Muuguzi aliweka simu kando. Sauti ilisikika kwa mbali, nzito, ikikoroma maneno. Kisha muuguzi akarudi, akasita kidogo.

"Anasema basi msije."

Roswitha alifunga simu, akaitia mkobani.

"Amesema nini?" aliuliza Annegret.

"Amesema tufanye haraka," alisema Roswitha, na wakaanza kupanda kwenda kituo cha basi.